Pumzi ya Ndama

Minza alijisifu kisimani kwamba kwa miaka hamsini ya ufugaji hajawahi kuua ndama kwa malisho mabaya. Wale wanne, alisema, walikufa kwa hiari yao.

Ndiyo maana sheria mpya ilimkera. Siku hizi kila ndama ana punje ya mtambo sikioni, na mlezi wake ana punje nyingine chini ya ngozi. Ndama akila sumu, mlezi naye huishiwa pumzi. Ndama wanaokufa ni wachache sasa; walezi hakuna anayewahesabu.

Juzi mke mwenzake, Holo, alimwita mchawi mbele ya wakwe. Basi leo asubuhi Minza alimtoa ndama wa Holo zizini na njaa yake, akamwacha shambani kwenye machipukizi ya mtama, yale mabichi ya baada ya mavuno ambayo hata mtoto anajua ni sumu. Akarudi kumenya viazi.

Haukupita muda Holo akatoka jikoni akitweta, kashikilia ukuta.

"Dada, ndama wangu umempeleka wapi?"

"Yumo zizini anatafuna nyasi kavu. Wewe punguza ugali, mdogo wangu."

"Na wako?"

"Wako pamoja. Naapa, hawajatoka hata..."

Pumzi ikamkatika hapo hapo. Kisu kikamponyoka. Zizi hakulifunga asubuhi, na ndama wake na wa Holo hawajawahi kuachana tangu wazaliwe.

Holo alimtazama, akacheka kwa pumzi kidogo aliyobaki nayo.

"Apa tena, dada."