Jina Kamili la Bwana Makeke

Bernadetha alikuwa anamtumbukiza Stanslaus Kisyeri kwenye josho la ng'ombe aliposikia Kisyeri mwenyewe akipiga hodi mlangoni. Akaweka kalamu chini, akazifunika karatasi kwa kanga, akaenda kufungua.

Kwenye riwaya zake alimwita Bwana Makeke. Bernadetha alizichukua zile hadithi za kale za mapenzi alizosomeshwa na masista, akazivua makoti na magauni marefu, akazileta Tarime. Mabwana wenye farasi wakawa mawakala wa forodha wa Sirari, dansi za majumba makubwa zikawa harusi za mjini, na mabinti maskini wakawa wasichana wa Susuni wenye ulimi mkali. Yalikuwa mapenzi na vituko tu, watu wacheke. Lakini kila kitabu kilikuwa na mchumba mmoja tajiri mpumbavu, mwenye meno mawili ya dhahabu, anayekataliwa mbele za watu. Mara anaanguka na kiti chake kanisani, mara jogoo anamfukuza ukweni. Vitabu viliuzwa stendi na sokoni, vikavuka mpaka hadi Isebania, Kenya. Na yale meno, kijiji kizima cha Nyangoto kilijua ni ya nani.

Hakuyatunga bure. Dhahabu ilipoanza kutoka Nyangoto, Kisyeri hakuwa na kitu ila sururu. Alimchumbia Bernadetha, na baba yake, mzee Wangwe, akamwachia shamba achimbe, kama mtu anavyomwachia mkwe. Duara, yaani shimo lake la kuchimbia, lilipofika kwenye mwamba wenye mali, Kisyeri akawaambia wazee kwamba shamba lile aliuziwa. Akaleta mashahidi kutoka mbali, kisha akaoa binti wa wakala mmoja wa Sirari. Wazee waliujua ukweli, lakini vijana wao walikuwa wanapata riziki kwenye duara lake, wakanyamaza. Mzee Wangwe alifia kwenye chumba cha kupanga mjini Tarime, na hadi siku hiyo kila asubuhi alikuwa akimwuliza mkewe kama mihogo imeshapaliliwa.

Sasa Kisyeri alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa anagombea udiwani. Alieleza kwamba kila anapopanda jukwaani watoto wanawika kama jogoo, na watu wazima wanacheka na kuondoka zao. Alijaribu kuvinunua vitabu vyote avichome, vikazidi kuchapwa. Akaomba aandikiwe kimoja tu cha kumsifu, kitoke kabla ya uchaguzi. Uchapaji ungekuwa juu yake.

"Na humo nikuite nani?" Bernadetha aliuliza.

"Jina langu kamili. Nataka watu waamini."

"Ukiweka jina lako, wataamini yote."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Berna. Ukiandika wewe, wanaamini."

Bernadetha akakubali.

Mama yake alikuwa nyuma ya pazia. Hakupiga kelele. Alisubiri mgeni apotelee barabarani, akasema kaburi la Wangwe halijaota hata majani na binti yake ameshaanza kumpamba mtu aliyemfukia humo.

"Kama ni mapenzi yamekurudia, niambie nihame," alisema.

Bernadetha akarudi kwenye karatasi zake. Tangu siku hiyo mama akawa anajipikia peke yake, anakula akiwa amempa mgongo.

Bernadetha aliandika vizuri mpaka mwenyewe akajichukia. Stanslaus Kisyeri wa kitabuni alikuwa na mabega mapana na sauti ya kutuliza ndama. Alikuwa na kiburi, ndiyo, lakini alimpenda msichana mwenye ulimi mkali, akakataliwa, na mapenzi yakaanza kumnyoosha. Kila sura ilipokamilika Kisyeri aliisoma, akatabasamu, akaipeleka mwenyewe kwa Abdillah mchapaji. Pale msichana anapomwona mtoni na kusahau ndoo yake ikachukuliwa na maji, aliparudia hadi akapajua kwa moyo.

Ilipobaki sura ya mwisho, Bernadetha alimwuliza kama angependa kuiona kwanza. Kisyeri alikuwa na haraka ya mkutano Sirari.

"Nampata?" aliuliza.

"Mwisho wake utaifurahisha Nyangoto nzima."

"Basi ipeleke ichapwe."

Kitabu kilizinduliwa Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Kisyeri alichinja ng'ombe. Wazee walikaa mbele pamoja na mwenyekiti wa kijiji, mzee Heche. Mama yake Bernadetha alikuja pia, akasimama mbali, kitenge mdomoni.

Kisyeri alikiinua kitabu juu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyewika. Akasema kwamba hiki si kama vile vya majogoo. Haya ni maisha yake. Akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba kila neno ni kweli, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenye shaka asimame sasa hivi mbele ya wazee. Hakusimama mtu. Ndipo, meno yaking'aa, akamwomba mwandishi awasomee kidogo, pale mwishoni, mapenzi yanaposhinda.

Bernadetha alipanda jukwaani, akampa mzee Heche shikamoo, akafungua ukurasa wa mwisho. Alisoma taratibu, ili hata wa nyuma wasikie:

"Ndipo Stanslaus Kisyeri, mapenzi yakiwa yamemfundisha kuona aibu, akasimama mbele ya wazee wa Nyangoto, akasema: Shamba lile sikuuziwa. Mzee Wangwe alinipa nichimbe kama mkwe wake, nami nikamdhulumu. Leo namrudishia mjane wake, pamoja na duara na vyote vilivyomo."

Walioanza kupiga makofi walikuwa wazee.