Siku ya Jitu

Nilikuwa namsomea mjukuu wangu namba kutoka kwenye karatasi, naye akizihakiki kwenye kompyuta. Alikuwa akitengeneza mfano wa hewa ya juu kabisa ya Mshtarii, ile sayari jitu la gesi, pale ambapo hewa hubeba umeme.

Miezi saba mahesabu yake yalikataa kulingana na vipimo vya darubini. Mwalimu wake alimpa hadi adhuhuri ya leo, la sivyo aanze utafiti mwingine.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini namba nazisoma, namshukuru Mungu.

"Siku moja, saa ishirini na nne," nikasoma.

"Ipo. Endelea, bibi."

Kidole changu kikagoma kusogea. "Kitendawili!"

"Bibi jamani, michezo saa hizi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ni mkubwa kuliko ndugu zake wote, lakini siku yake huisha kabla ya zao."

"Si ni Mshtarii huyo! Mimi ndiye niliyekutegea hicho juzi. Jitu lile linajizungusha kwa saa kumi kaso..."

Akaitazama karatasi. Mfano wake aliuanzia kwenye ule wa dunia yetu, akabadilisha kila kitu, siku akaisahau.

"Miezi saba, bibi!" Alicheka huku machozi yakimtoka. "Nikushukuruje?"

"Mimi ndiye wa kushukuru. Uzee huu, nani mwingine angenipa kazi?"

Akafuta ishirini na nne, akaandika saa za jitu, kisha akanisogezea kompyuta.

"Bonyeza wewe. Hapo."

Nikabonyeza.