Mfupa Hunata

"Mkibishana kama ni jiwe au mfupa, gusisheni ulimi," mwalimu alituambia siku ya kwanza ya uchimbaji. "Jiwe halina habari nawe. Mfupa hunata."

Wenzangu wamekwenda makwao likizo. Mimi nimebaki maabara na beseni, mswaki na trei za vumbi. Tangu Jumatatu sijasemeshwa na mtu.

Leo kwenye trei moja nilikuta kipande kidogo kama kokwa ya tende. Nilikigusisha ulimi, kikaning'ang'ania.

Nilikibandua taratibu, nikakisugua, nikakilinganisha na ncha ya kidole changu. Vilifanana.

Kumbe nimemlamba mtu mzima hata sijamwamkia!

"Shikamoo," nikasema, kisha nikazima feni ili nisikie.