Nyasi za Mjane

Mbaruku alilisha ng'ombe wake kwenye malisho ya mjane wa kaka yake mpaka pakabaki udongo mgumu kama kigae. “Pamekufa, shemeji. Utaniachia tu,” alicheka.

Mjane huyo, Sikudhani, hakulima. Alitoboa udongo uleule kwa mti wenye ncha, tundu kwa tundu, akafukia mbegu za nyasi, akazungushia miiba.

Kiangazi kilichofuata, Mbaruku alisimama langoni na ng'ombe wa mbavu tupu.

“Nifungulie, shemeji. Wanakufa.”

“Kitendawili!”

“Shemeji!”

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nimemzika bila kulima, kafufuka na nywele.”

“Sijui. Chukua mji.”

“Mji siutaki. Jibu hilo mbele yako. Litaje, na useme ni mali ya nani.”

Mbaruku alizitazama nyasi nyuma ya miiba. Ng'ombe mmoja alipenyeza ulimi kwenye miiba. Mkono wa Sikudhani ulibaki juu ya komeo.