Kitanda cha Zamu

Kitanda kilikuwa bado na joto. Profesa aliugusa mto, akakunja uso, kisha akalikung'uta shuka dirishani. Vumbi jeupe likaruka. Kila siku vumbi jeupe.

"Fundi lipu gani huyu asiyeoga?" alinung'unika.

Jina la Profesa alipewa na wenzake wa kiwanda cha mikate, maana mikate ikiwa jikoni yeye husoma amesimama. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Usiku alikanda unga, asubuhi alikwenda chuoni, na katikati ya hayo mawili alibakiwa na saa moja na nusu ya kulala, tena kwenye nusu kitanda. Alasiri alijaribu tena, lakini gereji ya jirani ikishaanza kugonga mabati, nani alale?

Ndiyo, nusu kitanda. Mwenye nyumba alikuwa amepangisha kitanda kimoja kwa watu wawili: mmoja tangu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwingine kuanzia saa moja. Ufunguo unaachwa chini ya ndoo. Muhula mzima hawajaonana hata kisogo.

"Kwani ni nani huyu, mama?" Profesa aliuliza siku ya kwanza.

"Mtu mzima, ana heshima zake. Hataki ijulikane kwamba analala hapa, nami nimemwahidi. Wewe lala, mwanangu."

Kwa vumbi lile jeupe, heshima za fundi lipu! Profesa alipanda ngazi zote akicheka peke yake.

Waliwasiliana kwa vikaratasi vilivyochomekwa kwenye msumari ukutani. Mwenzake aliandika kwa penseli, herufi kubwa tupu. UNGA KWENYE MTO. TENA. Profesa akajibu: Na vumbi lako je? Kesho yake: SURUALI ILIYO CHINI YA GODORO ISIGUSWE. Profesa akaandika: Kwani fundi una harusi kila siku?

Ugomvi huo ungekuwa wa kuchekesha kama usingekula dakika zake za usingizi. Na usingizi ndio uliokuwa unamponza. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, saa tatu kamili, na mwalimu wa hesabu hakuwa mtu wa mchezo, amenyooka kuanzia tai hadi viatu. Mara mbili alimkuta Profesa amelaza shavu kwenye daftari. Mara ya pili aligonga meza kwa rula.

"Kijana, darasa langu si chumba cha kulala. Wewe unaishi wapi?"

"Bwenini, mwalimu." Alidanganya. Nani angependa kusema kweli mbele ya darasa zima?

"Bwenini, kitanda chako mwenyewe, na bado unakuja kulala huku! Haya. Nikikuona tena umesinzia, mtihani wangu hufanyi."

Bila mtihani ule angerudia mwaka, na ada ya mwaka huu dada yake aliipata kwa kuuza cherehani yake. Cherehani nyingine haikuwepo. Siku nzima Profesa hakutulia. Alikaa akasimama, akafungua kitabu akakifunga.

Jioni, kabla ya kwenda kazini, alijaza karatasi nzima.

"Fundi, nisikilize. Nanyimwa mtihani kwa sababu yako. Kila asubuhi nakung'uta vumbi lako badala ya kulala. Mwalimu wangu wa hesabu ana moyo wa jiwe. Analala pazuri, anakula vizuri, hajui maana ya kitanda cha kupokezana. Kesho nikisinzia, basi dada yangu ameuza cherehani bure."

Akaichomeka msumarini, akatoka.

Asubuhi hakukuta jibu. Hakukuta hata mashuka. Godoro lilikuwa tupu, na alipochungulia uani aliona mashuka, foronya na blanketi, vyote kwenye kamba, vinachuruzika maji.

Profesa alitamani kulia. Muhula mzima hajafua hata leso, halafu siku ya kufa na kupona ndiyo fundi kaamua kufua! Alijitupa kwenye godoro lile tupu. Likamwasha mgongo. Akageukia ukutani, likamwasha mbavu. Saa mbili na nusu ikafika hajafumba jicho, akanawa uso na kuondoka akimlaani fundi njia nzima.

Darasani alijikaza kisabuni. Alijifinya paja. Alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka. Mwalimu alikuwa anajaza ubao kwa tarakimu za chaki toka juu hadi chini, na Profesa akawa anazifuata moja moja, saba, nne, saba, nne, mpaka zikaanza kuogelea.

Alizinduka ghafla. Wenzake wote walikuwa wamegeuka wanamtazama. Mwalimu alikuwa amesimama kando yake. Alizitazama nywele zake zilizoingia unga, kisha akalitazama daftari lililo wazi, mstari kwa mstari, kana kwamba anausoma mwandiko.

"Nisamehe, mwalimu," Profesa alisema. "Naapa leo sikupenda. Leo ni..."

Mwalimu aliinama mpaka tai yake ikagusa meza.

"Mtihani ni Jumatatu, na utaufanya," alisema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia. "Mashuka yatakuwa yameshakauka. Nenda kalale."