Mashimo ya Mheshimiwa Fisi

Masika yalikuwa yamekaribia, na Bi Ngiri, mjane mwenye watoto wachanga, hakuwa na pa kuwalaza. Ndipo Mheshimiwa Fisi alipotangaza sera yake: kila mnyama fukara angepewa shimo imara, bila malipo, karibu na maji.

Bi Ngiri alilikagua lake. Lilikuwa imara kweli, na maji yalikuwa karibu. Hata hivyo, alijiuliza kwa nini mlango ulichimbwa kwa upana wa mabega ya Fisi.

"Umepewa bure, mama, bado wachunguza?" Fisi alimkejeli. "Ingia!"

"Nitaingia, Mheshimiwa. Ila sisi ngiri huingia nyumbani kinyumenyume."

"Ushamba huo! Tanguliza kichwa kama wastaarabu."

"Sera yako imesema hivyo wapi?"

Bi Ngiri akawatanguliza watoto, kisha akaingia kwa kurudi nyuma, uso ukiwa nje. Hapo akamwona Fisi akimnyemelea, mate yakimdondoka.

"Nakuja kukagua tu," alisema Fisi.

"Karibu, Mheshimiwa. Kagua."

Fisi aliyatazama meno ya mama yule, yaliyojikunja kama mundu, akatangaza kwamba ukaguzi umeahirishwa hadi hapo wananchi watakapoarifiwa tena.