Ngiri na Salamu za Mbio

Ngiri alimsalimu kila aliyekutana naye njiani, lakini hakusimama hata kidogo. Siku moja akakutana na Kobe, asiyemjua.

"Shikamoo, mzee! Habari za utokako?"

"Marahaba, mwanangu. Njema, ila..."

Ngiri ameshapita, mkia juu. Kivukoni akavamiwa na Chui, akaponea chupuchupu, sikio limechanika. Akirudi mbio, akamkuta Kobe anakuja huku akihema.

"Mzee, si ulisema njema!"

"Njema tunajibu hata msibani, mwanangu. Habari yenyewe hufuata. Ndiyo maana nimegeuza safari, nakufuata nikumalizie."

Ngiri akashusha mkia, akaketi.

"Nisamehe, mzee. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," Kobe akajibu.

Safari hii Ngiri akangoja.